Jumbo si Jambo

Lipo neno moja la Kiingereza ambalo limekwisha kuizunguka dunia, na linaporudi Afrika hurudi kama mgeni adaiye kuwa mwenyeji. Neno hilo ni jumbo. Maana yake ni kitu kikubwa mno, kilichopita kawaida ya aina yake. Ndege ya Boeing 747, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 9 Februari 1969, iliitwa jumbo jet. Madukani petu pakiti na chupa zilizozidi kimo cha wenzake huandikwa jina hilo. Na tangu mwaka 2014 wasafiri wa Kenya wamekuwa wakipanda ndege za shirika liitwalo Jambojet, jina ambalo latofautiana na lile la Kiingereza kwa irabu moja tu. Haishangazi, basi, kwamba watu wengi husema na kuandika kuwa jumbo ni neno la Kiswahili. Baadhi yao wasema asili yake ni jambo. Wengine wasema ni jumbe, yaani mkuu wa mji.

Nami nilifundisha hivyo kwa muda wa miaka saba. Lilikuwa somo linalopendwa. Wanafunzi waliposikia kwamba neno moja la mama zao limeingia katika vinywa vya watu wa London na New York, nyuso zao zilichangamka, na wangu pia. Halafu mwaka mmoja mwanafunzi mmoja aliyekuwa akikaa safu ya nyuma, msichana mwenye maneno machache, alisimama akaniuliza, "Mwalimu, tembo huyo alitoka wapi?" Nikamjibu kwamba alitoka Afrika. Akasema, "Afrika ipi, Mwalimu?" Sikuwa na jibu. Nilimwambia aketi, nikaendelea na somo. Insha hii ni jibu langu kwake, nalo limechelewa.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana bila yeye neno hili lisingalifika mbali. Jumbo alikuwa tembo dume. Alizaliwa yapata mwaka 1860 katika nyika zilizo karibu na mpaka wa Sudani, Eritrea na Ethiopia za leo. Wawindaji walimwua mama yake, wakamkamata yeye angali ndama, akapelekwa Ulaya. Alikaa kwanza Paris katika bustani ya Jardin des Plantes, na mwezi Juni 1865 akahamishiwa bustani ya wanyama ya London akiwa dhaifu na mgonjwa. Mtunzaji wake, Matthew Scott, alimwuguza hata akapona, akakua, akapita kimo cha meta 3. Kwa miaka mingi alibeba watoto wa Kiingereza mgongoni, naye akapendwa nao.

Mwaka 1882 wakuu wa bustani walimwuza kwa Mmarekani P. T. Barnum, mwenye sarakasi, kwa pauni 2,000. Watoto wakamwandikia Malkia Victoria barua za kumsihi azuie uuzaji huo; na tembo mwenyewe alipotolewa langoni alilala barabarani, akakataa kwenda. Haikufaa kitu. Mwezi Aprili mwaka huo alishushwa New York, na Barnum, ambaye kwa kutangaza biashara hakuwa na mpinzani, akalieneza jina la Jumbo katika nchi nzima. Punde si punde jina la mnyama likawa sifa ya bidhaa: kitu chochote kilichozidi ukubwa kikaitwa jumbo. Tarehe 15 Septemba 1885, katika mji wa St. Thomas, jimbo la Ontario nchini Kanada, Jumbo aligongwa na garimoshi akafa. Ngozi yake ilipopimwa ilikuwa na uzito wa pauni 1,538, karibu frasila 44 kwa kipimo cha wafanya biashara wetu wa zamani. Ngozi hiyo ilitandazwa juu ya kiunzi ikaoneshwa kwa watu, na mifupa ikaoneshwa mbali. Mifupa imehifadhiwa New York mpaka leo. Ngozi iliishia katika chuo cha Tufts, ikateketea kwa moto mwaka 1975, na majivu yakatiwa katika chupa iliyokuwa ya siagi ya karanga. Uchunguzi wa mifupa uliotangazwa mwaka 2017 ulionesha kwamba magego yake yaliharibika umbo kwa kulishwa vyakula visivyokuwa vya tembo. Huyo ndiye aliyewapa walimwengu neno la ukubwa.

Sasa tuyapime madai. Anayesema kwamba neno fulani limetoka katika lugha fulani yampasa alete mashahidi wanne: sauti, maana, njia na tarehe. Sauti za maneno mawili sharti zikubaliane, au tofauti yao iwe na sababu ijulikanayo. Maana sharti zielekeane. Njia iwepo, yaani watu waliolibeba neno kutoka huku kwenda kule. Na tarehe isimkane msemaji, maana mtoto hazaliwi kabla ya mama yake.

Jambo lashindwa kwa shahidi wa kwanza. Waingereza waliosafiri na misafara yetu katika karne ya 19 walilisikia neno hili vizuri, na wengi wao waliliandika yambo. Hivyo ndivyo alivyoliandika Stanley katika kitabu chake cha mwaka 1872. Irabu ya kwanza waliisikia kuwa a, wala hapana sababu ya kuigeuza kuwa u. Kwa shahidi wa pili lashindwa vibaya zaidi. Jambo halina harufu ya ukubwa hata kidogo. Ukoo wake ni ukoo wa usemi. Limetokana na kitenzi cha kale kuamba, yaani kusema, ambacho twakisikia kila siku katika neno kwamba. Nchini Rwanda na Burundi ijambo ni neno, na wingi wake ni amagambo. Waganda husema kigambo kwa maana hiyo hiyo. Hivyo jambo ni kitu kisemwacho, kisha likawa ni habari, kisha likawa ni shauri au tatizo. Tunapoulizana "Hujambo?" twaulizana kama mwenzetu hana neno linalomsumbua. Mtu aliyemwita tembo jambo angalikuwa amemwita habari.

Jumbe ana nafuu kidogo katika sauti, kwani hutofautiana na jumbo kwa irabu ya mwisho tu. Katika maana pia yuko aliyejaribu kumtetea: tembo ni mkubwa wa wanyama, na jumbe ni mkubwa wa watu. Lakini ukubwa wa jumbe ni wa cheo. Majumbe wa Mrima, na wale waliowekwa chini ya maakida wakati wa Wadachi, walikuwamo wembamba na wafupi, na cheo chao hakikupungua kwa ajili hiyo.

Njia nayo yawakana wote wawili. Katika nchi alikokamatwa Jumbo hakikusemwa Kiswahili. Husemwa Kiarabu, Kitigre, Kibeja na lugha nyingine. Mikononi mwa waliomchukua hakupita pwani yetu, wala Unguja, wala Mombasa. Huenda msomaji akasema kwamba Uingereza ilikuwa na balozi wake Unguja tangu mwaka 1841, na Krapf aliishi Mombasa tangu mwaka 1844, kwa hiyo yawezekana mtu fulani London alijua maneno mawili matatu ya Kiswahili. Ni kweli, yawezekana. Lakini yawezekana si ushahidi. Nayo ndiyo ngazi ambayo kila dai la uongo hupandia. Kamusi kubwa ya Krapf, ambayo ingalimfaa mtunza wanyama kutafuta jina, ilichapwa London mwaka 1882, mwaka ule ule Jumbo alipouzwa, miaka 17 baada ya yeye kufika Uingereza.

Shahidi wa nne ndiye afungaye kesi. Neno jumbo lilikwisha kuandikwa katika kamusi ya lugha ya mitaani iliyochapwa London mwaka 1823, nalo lilimaanisha mtu mzito wa mwili, mzembe wa mwendo. Tembo wetu alikuwa hajazaliwa. Hivyo tembo hakulizaa neno. Alivikwa neno lililokuwapo, kisha kwa umbo lake akalitoa aibu ya uzembe, akalipa fahari ya ukubwa.

Hapa naomba ruhusa nioneshe jinsi masikio yanavyoweza kutudanganya. Kama ningalitaka kushikilia kwa nguvu kwamba jumbo ni Kiswahili, nisingalichagua jambo wala jumbe. Ningalichagua jumba. Tazama: sauti zakaribiana, maana zaelekeana, kwa kuwa jumba ni nyumba kubwa. Tena mwaka 1883, Jumbo akiwa katika kilele cha sifa zake Marekani, Seyyid Barghash alikamilisha Unguja jumba lake la Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu. Hadithi imekamilika na yapendeza! Ila ni uongo. Haina njia wala tarehe. Wanafunzi wangu wangaliipokea kwa furaha, nami ningalipigiwa makofi.

Basi neno lilitoka wapi? Wataalamu wana dhana mbili. Ya kwanza yalihusisha na Mumbo Jumbo, jina lililoandikwa na Mwingereza Francis Moore mwaka 1738 alipoeleza habari za Wamandinka wa mto Gambia. Kwao alikuwapo mtu avaaye vazi la magome, ambaye hutokea usiku kuamua magomvi ya nyumbani; na Mungo Park alimtaja tena mwaka 1799. Waingereza waliligeuza jina hilo liwe maneno yasiyo maana, na huenda nusu yake ya pili ikabaki mitaani ikiitwa mtu mzito. Dhana ya pili yalihusisha na nzamba, yaani tembo katika Kikongo. Neno hilo lina jamaa wengi upande wa magharibi: Waumbundu wa Angola husema onjamba, na Wandonga wa Namibia ondjamba. Kwetu mashariki ukoo huu haukushika. Sisi tuna ndovu, ndugu yake enjovu ya Waganda, njogu ya Wakikuyu, nzou ya Washona na indlovu ya Wazulu. Iwapo dhana ya nzamba ni ya kweli, jumbo ni neno la Kibantu, binamu wa Kiswahili wala si mwana wake. Na kama lilivuka bahari, walilolivusha ni watu wa Kongo na Angola waliopakiwa majahazini kama mizigo. Ni haki yao. Tunaposema kwamba ni letu, kwa kupenda sifa tu, twawanyang'anya mara ya pili watu waliokwisha kunyang'anywa kila kitu.

Jumbo lina wenzake wengi katika Kiingereza, na kuwatazama kwafundisha. Wamegawanyika katika makundi mawili. Kundi moja latokana na kipimo kilichoshindwa: enormous, katika Kilatini, ni kitu kilichotoka nje ya kanuni, immense ni kisichopimika. Kundi la pili ni la majina ya viumbe na mazimwi. Gigantic na titanic ni majitu ya hadithi za Kiyunani. Colossal ni sanamu kubwa, kama ile iliyosimama Rhodes ikaangushwa na tetemeko la nchi. Mammoth ni tembo mwingine, yule wa kale mwenye manyoya, aliyepewa jina na Warusi. Neno hilo lilipata kuwa sifa ya vitu huko Marekani, na mwezi Januari 1802 Rais Jefferson alipelekewa jibini la zaidi ya pauni 1,200 ambalo liliitwa kwa jina hilo. Kitinda mimba wao ni ginormous, aliyezaliwa katika miaka ya 1940 midomoni mwa askari wa Uingereza kwa kuunganisha maneno mawili ambayo kila moja lilikuwa kubwa tayari. Twaona jinsi mambo yaendavyo: neno la ukubwa huchakaa upesi kuliko maneno mengine. Muuzaji hulitumia kwa jibini, kisha kwa sabuni, mwisho halimshtui mtu, na lazima litafutwe lingine lililo kubwa zaidi.

Kiswahili kilichagua njia nyingine. Hakikukopa jina la zimwi kila kilipotaka kukuza kitu. Kiliweka ukubwa ndani ya sarufi yenyewe. Tuna kiambishi ji, ambacho humkuza mtu akawa jitu, nyoka akawa joka, kisu kikawa jisu, nyumba ikawa jumba. Penye shina refu yatosha kuondoa kiambishi cha kawaida: ndege huwa dege, ngoma huwa goma, kikapu huwa kapu, mguu huwa guu. Mzungumzaji hahitaji kamusi. Apewapo jina ambalo hakupata kulikuza maishani mwake, atalikuza papo hapo na msikilizaji atamwelewa.

Lakini ukubwa huu una hukumu ndani yake. Anayesema jitu hakupima tu. Ametoa na maoni. Sauti yake itakuambia kama amestaajabu, ameogopa au amedharau. Na maneno mengine yamepoa kwa kutumika: jumba na jiji yamekuwa majina ya kawaida, hata hatukumbuki kwamba jiji ni mji uliokuzwa. Ajabu ni kwamba kijiji nacho kimetoka katika mji ule ule, nacho bado kimebeba ji ndani ya tumbo lake, kama vile kijitu kilivyo kidogo na hali kimebeba jitu.

Pamoja na sarufi hiyo tunayo maneno ya pekee. Tunasema pande la mtu na pandikizi la mtu kwa aliyejazwa mwili. Dubwana kwa kitu kikubwa cha kutisha. Kabambe kwa mradi au shughuli iliyoandaliwa kwa ukubwa. Kutoka Kiarabu tumepokea adhimu kwa ukubwa wa heshima, na jabali, ambalo ni mwamba, kwa mtu asiyetikisika. Juu ya yote tumetenga maneno mawili ambayo lugha nyingi zimeyachanganya: kubwa na kuu. Mti ni mkubwa, lakini siku ni kuu. Mtu aweza kuwa mkubwa wa mwili asiwe mkuu wa chochote, na mkuu wa shule aweza kuwa mdogo kuliko wanafunzi wake. Jumbo la Waingereza latosha kutafsiriwa kwa kubwa. Kwa kuu halifiki kamwe. Na wazee waliochunguza ukubwa kwa karibu walituachia methali fupi: Ukubwa ni jaa. Aliye mkubwa ndiye atupiwaye taka za wote.

Nimesema kwamba hapana njia iliyolileta jumbo kutoka pwani yetu. Haifai nimwache msomaji akidhani kwamba baina ya pwani hii na Marekani ya Barnum hapakuwa na njia. Ilikuwapo, tena pana. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulifanywa mwaka 1833, na merikebu zikaja Unguja kuleta nguo na kuchukua pembe za ndovu. Pembe hizo zilipelekwa hasa katika miji ya Deep River na Ivoryton, jimbo la Connecticut, zikakatwa kuwa vitana na vibao vya kinanda. Jimbo hilo ndilo alikozaliwa Barnum mwaka 1810. Mwaka 1882, wakati Wamarekani walipokuwa wakilipa viingilio kumwona tembo mmoja aliye hai, Tippu Tip alirudi pwani kutoka Manyema, baada ya miaka mingi barani, na shehena kubwa ya pembe za tembo waliokufa. Zilibebwa mabegani mwa watu, na miongoni mwao walikuwamo watumwa.

Katika biashara hii Kiswahili kilikuwa na maneno yake ya ukubwa, na hayakuwa ya kubahatisha. Pembe ndogo iliitwa buri, na iliyo ndogo zaidi kalasha. Uzito ulihesabiwa kwa frasila ya pauni 35 hivi, na kila frasila ilikuwa na bei yake. Na neno lililosafiri katika njia hiyo twalijua vema, maana lilikuja kwetu: ni merikani, ile nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi. Mlete mbele ya mashahidi wanne nao watamkubali wote. Sauti ni ya jina la nchi. Maana ni bidhaa ya nchi hiyo. Njia ni merikebu. Tarehe ni karne ile ile ya 19. Neno hili halina hadithi ya kuchekesha, wala sijapata kuona darasa likilipigia makofi. Walakini ndilo la kweli, na ndani yake mna historia yetu: kilichoingia ni nguo, kilichotoka ni pembe, na waliobeba ni watu.

Ndiyo sababu nimeona heri kuandika. Kosa langu halikuwa dogo kwa kuwa lilikuwa la neno moja. Nilipowapa wanafunzi fahari ya uongo niliwanyima elimu ya kweli iliyokuwa karibu nao zaidi. Niliwafundisha kufurahi kwamba tumelipa jina tembo mmoja aliyetekwa na kuchezeshwa, nisiwafundishe kuuliza habari za maelfu waliouawa kwa njia za kwetu. Lugha yenye kwamba, kijiji na merikani haina haja ya kuazima sifa. Kupenda lugha ni pamoja na kuirudishia haki watu wengine, kama vile mlinzi mwaminifu arudishavyo fedha iliyozidi ingawa hapana aliyemwona.

Mwanafunzi wangu alikwisha kuhitimu na kwenda zake, naye hufundisha. Kama insha hii itamfikia, namwomba aisome kama jibu la swali lake: tembo yule alitoka upande wa Sudani na Ethiopia, jina lake halikutoka kwetu, na swali lako, mwanangu, lilikuwa bora kuliko somo langu.